Masta kubwa, mguu mzito: kwa nini gari ya zamani ikivishwa diski hukataa kusimama

Mabishano yalianza kwenye baraza ya kahawa hapa Chake Chake, Pemba, na birika lilikwisha kabla ya jibu kupatikana. Jirani yangu alikuwa ametoka Mkoani na Morris Minor yake, na mguu wa kulia unamuuma. Ni Morris ya aina ile iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948 na kuachwa kutengenezwa 1971, ikachorwa na Alec Issigonis, huyo huyo aliyekuja kuchora Mini. Ya jirani yangu inang'aa kuliko gari nyingi za leo, na harusi hazimpiti bila ya kuombwa.

Alikuwa ameng'oa breki za ngoma za mbele na kufunga diski. Na kwa kuwa breki zimekuwa kubwa, akaona na masta, yaani pampu ya breki, nayo iwe kubwa. Akapata moja ya gari ya Kijapani iliyokuwa inauzwa vipande vipande, nene, safi, haina hata kutu. Alitegemea gari isimame kama iliyokabwa. Kumbe kwenye miteremko ya njia ya Mkoani pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, akikanyaga gari inaendelea na safari zake.

Mmoja akasema masta bado ni ndogo, aongeze. Wa pili akasema upepo haujatoka kwenye mafuta ya breki. Wa tatu akaapa kwamba diski ni za bandia. Mzee mmoja akasema Morris iliumbwa na ngoma, iachwe na ngoma zake, na nitakiri kwamba yeye ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote, ingawa sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe.

Tuanze na majina, kwa sababu nusu ya ugomvi ilikuwa ya majina. Masta silinda, ambayo wengine huiita pampu ya breki, ni bomba la chuma lenye pistoni ndani, linalosukumwa na pedali. Kazi yake ni kusukuma mafuta ya breki kwenye paipu hadi magurudumuni. Huko kwenye gurudumu, kama breki ni za ngoma, mafuta yanaingia katika silinda ndogo inayotanua viatu viwili vya breki mpaka viguse ngoma kwa ndani. Kama breki ni za diski, mafuta yanaingia katika kalipa, na pistoni ya kalipa inaziminya pedi mbili kwenye sahani ya chuma inayozunguka. Busta ni lile chungu jeusi la bati lililo nyuma ya masta katika gari za karibuni, linalousaidia mguu kusukuma. Morris haikuzaliwa na busta.

Sasa tafuta mabomba mawili ya sindano, moja dogo na moja kubwa, yajaze maji, uyaunganishe kwa mpira mwembamba. Sukuma dogo kwa kidole kimoja, kisha mwambie mwenzako alizuie kubwa kwa kidole chake. Hataweza. Wewe unasukuma kwa raha, yeye anakunja uso. Lakini tazama na jambo la pili: bomba dogo limeteremka lote mpaka mwisho, kubwa limepanda kidogo tu. Badilisheni, wewe ushike kubwa na yeye dogo. Mara hii wewe ndiye unayekunja uso, na la kwake linaruka juu.

Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hii katika karne ya 17: maji yaliyofungiwa hupeleka shinikizo sawa kila upande. Shinikizo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Ukisukuma kwa nguvu ile ile juu ya eneo dogo, shinikizo linakuwa kubwa. Ukisukuma juu ya eneo kubwa, shinikizo linapungua. Masta ndiyo sindano ya upande wako. Kwa hiyo masta nene, kwa mguu ule ule, inatoa shinikizo dogo. Watu wengi hapa ndipo wanaponiangalia kama nimechanganyikiwa, kwani kila kitu kingine kwenye gari kikiwa kikubwa huwa kina nguvu zaidi. Masta haimo katika kundi hilo.

Basi kwa nini isiwekwe masta nyembamba kabisa tukamaliza? Kwa sababu ya pishi na kibaba. Mpemba yeyote aliyewahi kupimiwa karafuu anajua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Kama kalipa ni pishi na masta yako ni kibaba, utamimina mara nne ndipo ijae. Na kwenye breki huna mara nne. Una mkanyago mmoja, na chini ya pedali kuna sakafu. Masta ikiwa nyembamba mno mguu unakuwa mwepesi, lakini unafika chini kabla pedi hazijaibana diski sawasawa.

Kwa hiyo masta ni biashara ya kubadilishana. Unatoa masafa ya mguu, unapata nguvu. Au unatoa nguvu, unapata masafa mafupi. Hakuna masta inayokupa vyote viwili, hata ingekuwa ya dhahabu.

Nilimpigia jirani yangu hesabu juu ya karatasi ya kashata. Tuseme mguu unakanyaga kwa kilo 30. Pedali yenyewe ni mtaimbo: ukipima kutoka ekseli yake hadi unapokanyaga, ukagawanya kwa umbali wa kutoka ekseli hadi kijiti kinachosukuma masta, unapata mara ngapi nguvu inazidishwa. Tuseme ni mara 5. Kilo 30 zinafika kwenye masta zikiwa kilo 150.

Masta ya asili ya Morris Minor ina tundu la inchi 7/8, eneo lake karibu sentimita za mraba 3.9. Kilo 150 hapo zinatoa shinikizo la karibu kilo 39 kwa kila sentimita ya mraba. Masta aliyoifunga ilikuwa ya inchi 1 kamili. Kwa macho tofauti ni nyuzi tu, inchi moja ya nane. Lakini eneo linakua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo la inchi 1 ni sentimita za mraba 5.1, limezidi kwa karibu asilimia 30. Shinikizo linashuka hadi kama kilo 30. Ili apate breki ile ile aliyokuwa nayo, inambidi akanyage kwa kilo 39 badala ya 30. Sehemu ya maumivu ya mguu wake imo humo.

Angeweka ya inchi 3/4, yenye eneo la sentimita za mraba 2.85, shinikizo lingepanda hadi karibu kilo 53.

Upande wa masafa sasa. Chukua kalipa mbili za mbele, kila moja ina pistoni moja ya milimita 48, na kila pistoni inahitaji kusogea milimita 1 ili pedi zibane. Mafuta yanayotakiwa ni kama sentimita za ujazo 3.6. Kwa masta ya inchi 1, mguu unashuka sentimita 3.6. Kwa ya 7/8, sentimita 4.7. Kwa ya 3/4, sentimita 6.3. Ukiingia tamaa ukafunga ya 5/8, mguu unashuka zaidi ya sentimita 9, na bado hujalisha breki za nyuma, na bado mipira ya paipu haijavimba. Hapo utakanyaga sakafu.

Lakini masta peke yake haielezi yote yaliyompata. Kuna siri ya ngoma ambayo watu wameisahau tangu diski zilipoenea. Kiatu cha breki kinachotangulia, yaani kile ambacho ngoma inazunguka kuelekea upande wa egemeo lake, hujivuta chenyewe. Ni kama kabari uliyoiweka chini ya mlango: mtu akiusukuma mlango, kabari inazidi kujikaza bila ya wewe kuongeza kitu. Breki za mbele za Morris zina viatu viwili vya namna hiyo katika kila gurudumu. Ngoma yenyewe ilikuwa inamsaidia jirani yangu kukanyaga kwa miaka yote hiyo, naye hajui.

Diski haina kabari. Inabanwa kwa nguvu uliyoileta na haijiongezei hata ratili. Ndiyo sababu gari nyingi za diski huja na busta. Kwa hiyo aliondoa msaidizi aliyekuwa ndani ya ngoma, hakuleta msaidizi mwengine, kisha akafunga masta iliyopunguza shinikizo karibu robo. Mapigo mawili kwa pamoja. Na ile masta ilitoka kwenye gari yenye busta. Huko kwao ilikuwa nene kwa sababu kuna mtu wa kuisukuma.

Kwenye baraza alikuwepo pia aliyesema kwamba "diski ni kali kuliko ngoma". Kwa hiyo hakusema kweli, wala hakusema uongo mtupu. Kwa mkanyago wa kwanza, asubuhi, breki zikiwa baridi, ngoma iliyopangwa vizuri inauma barabara. Mwisho wa yote gari inasimamishwa na tairi, na gurudumu likishafungwa likaburuzika, breki kubwa zaidi haina la kuongeza. Diski inashinda kwenye joto na maji. Ngoma ikipata moto inatanuka, inakimbia viatu vyake, na moto hauna pa kutokea. Diski iko nje, inapigwa na upepo. Wakati wa masika ukipita kwenye dimbwi, ngoma ikiingia maji inakaa nayo, diski inayatupa kwa mizunguko michache. Unguja, ambako nchi ni kama sahani, mtu anaweza kuishi na ngoma mpaka azeeke. Kwetu huku, gari iliyojaa magunia ya karafuu ikiteremka vilima mfululizo, joto la breki ni jambo la kila msimu. Sikumlaumu kwa kutaka diski.

Na busta je? Ni kitu kizuri, ila watu wanaibebesha kazi isiyo yake. Injini ya petroli inafyonza hewa upande mmoja wa ngozi iliyo ndani ya lile chungu, na hewa ya kawaida ya nje inasukuma upande wa pili. Busta yenye kipenyo cha inchi 7, ikipata mfyonzo mzuri, inaweza kuongeza kilo 170 hivi kwenye kijiti cha masta. Ni nguvu kubwa kuliko ya mguu wetu wa mfano hata baada ya kuzidishwa na pedali. Lakini haiongezi tone la mafuta. Mtu ambaye pedali yake inazama mpaka chini akafunga busta, pedali itazama vile vile, kwa wepesi zaidi.

Vivyo hivyo masta yenye vyumba viwili. Gari za zamani zina chumba kimoja: mpira mmoja ukipasuka popote, breki zote nne zimekwenda. Marekani ilifanya breki za njia mbili kuwa sheria kwa gari mpya kuanzia 1968, na kama unabadilisha masta ya gari kuukuu na huweki ya vyumba viwili, mimi binafsi nakuona umepoteza nafasi. Ila vyumba viwili si mafuta mara mbili. Pistoni zimepangana katika tundu moja, ya nyuma inaisukuma ya mbele, na masafa yao yanajumlishwa. Hesabu ya kipenyo inabaki kama ilivyo. Ulichonunua ni usalama wa njia moja kubaki hai nyingine ikifa.

Kuhusu upepo: pedali yenye upepo ni laini, inayumba kama godoro, na ukipiga mara mbili tatu inapanda. Pedali ya jirani yangu ilikuwa ngumu na fupi. Fundi angetoa upepo hadi magharibi na asingebadilisha kitu. Huo ndio uchunguzi wa kwanza na hauhitaji chombo chochote: ngumu na fupi bila ya gari kusimama, masta imezidi au busta haipo. Laini na ndefu, na umehakikisha hakuna upepo wala kuvuja, masta imepungua, au viatu vya nyuma vimeachwa mbali na ngoma, jambo ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Basi mtu achague vipi? Njia ninayoiamini ni kuanza na gari zilikotoka kalipa. Waliotengeneza gari ile walizipatia kalipa hizo masta ya kipimo fulani, tena wakaijaribu. Tafuta kipimo hicho. Mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wa masta wenyewe, 13/16 au 7/8 au 15/16, kwa herufi zilizoinuka. Kisha uliza maswali mawili. Ile gari ilikuwa na busta, na yangu ninayo? Na pedali yake inazidisha mara ngapi, na yangu mara ngapi? Gari yenye busta aghalabu pedali yake inazidisha kama mara 4, isiyo na busta inakaribia 6. Ukikosa busta, shuka kipimo kimoja, kisha uone kama masafa ya pedali yanaruhusu. Kupima pedali ni kazi ya rula na dakika tano, na sijui kwa nini hakuna anayeifanya.

Morris ina tatizo lake la ziada. Masta yake imejificha ndani ya boriti ya chuma ya chasisi, chini ya miguu ya dereva. Anayefunga masta ya kisasa huishia kuihamishia kwenye ukuta wa injini na kutengeneza pedali mpya, na hapo hesabu ya mtaimbo imebadilika bila ya yeye kujua. Jirani yangu pedali yake mpya ilichomelewa kwa kukisia. Tulipoipima, ilikuwa haifiki hata mara 4.

Usisahau valvu ndogo iliyo mdomoni mwa masta nyingi za zama za ngoma. Inabakisha shinikizo dogo kwenye paipu hata mguu ukiwa juu, ili mipira ya silinda za magurudumu isilegee ikaingiza hewa. Kwa ngoma haina madhara, kwa sababu viatu vina springi kali za kuvirudisha. Diski haina springi; pistoni inarudi kwa kuvutwa na mpira wake tu. Ukiiacha valvu hiyo kwenye njia ya diski, pedi zitakaa zimeegemea, zitachoma, na utarudi baraza kusema diski ni za bandia. Itolewe upande wa diski, ibaki upande wa ngoma. Kama masta iko chini kuliko kalipa, ipo valvu nyepesi zaidi ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma, na hiyo ni kitu kingine.

Dalili hiyo hiyo ya kuchoma hutokea pia kijiti cha pedali kikikosa nafasi. Lazima kicheze kidogo, kama milimita moja, kabla hakijaigusa pistoni. Kisipocheza, kitundu cha kurudishia mafuta kinazibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka, breki zinajikaza zenyewe njiani.

Jambo la nati lisipuuzwe. Paipu za gari ya Kiingereza za zama zile zina nati za inchi 3/8, za Kijapani milimita 10. Kwa macho ni mapacha, na moja inaingia kwenye tundu la nyingine vizuri kabisa, inazunguka, hata inakaza kidogo. Kisha siku unayokanyaga kwa nguvu ndiyo inaachia. Tafuta nati ya upande husika na ukunje upya mdomo wa paipu.

Ukishaongeza shinikizo kwa ajili ya mbele, nyuma nako kumeongezeka, maana mafuta hayachagui. Nyuma bado kuna ngoma zenye kabari zao, na gari ikikanyagwa uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari inageuka kutazama ilikotoka. Dawa ni silinda nyembamba zaidi kwenye magurudumu ya nyuma, au valvu ya kupunguza shinikizo la njia ya nyuma. Jaribio lifanyike kwenye uwanja mkavu mtupu, polepole kwanza, mtu wa pili akiwa nje anatazama gurudumu lipi linafunga mwanzo.

Mafuta ya breki nayaeleza kwa ufupi. Yaliyoandikwa DOT 3 na DOT 4 yanakunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya kisiwani haina ubahili. DOT 4 mpya haichemki mpaka nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji inaweza kushuka hadi 155, na hapo kwenye mteremko mrefu inageuka mvuke. Unyevu huo huo unatoboa vishimo ndani ya masta, na mpira mpya ukiuweka juu ya vishimo utavuja kama wa zamani. Mafuta ya injini yasikaribie kabisa. Mipira inavimba, na utabadilisha kila kilichoguswa.

Jirani yangu hakufunga busta. Pedali ilitengenezwa upya ikafika mara 5 na nusu, masta ikawa ya inchi 3/4 ya vyumba viwili, valvu ikatolewa njia ya mbele, nyuma zikawekwa silinda nyembamba. Mguu unashuka zaidi kuliko alivyozoea, na wiki ya kwanza alilalamika hivyo kila asubuhi. Sasa hivi lalamiko limehamia kwenye handibreki, ambayo haimshikilii kwenye kilima cha nyumbani kwake, na baraza imeshamwambia kwamba dawa yake ni masta kubwa.